Baada ya Kengele ya Mwisho: Msomi na Mpango wa Maisha katika Kichwamaji na Maisha Yangu

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wahakiki wengi wamemfasiri mhusika wake mkuu, Kazimoto, kwa mojawapo ya njia mbili. Kuna wanaomwona kuwa zao la mgongano wa tamaduni, yaani kijana aliyeng'olewa kwao na elimu ya kigeni asiweze tena kurudi wala kwenda mbele. Kuna pia wanaomwona kuwa sauti ya falsafa ya udhanaishi katika Kiswahili, na kwa hawa jina la Camus haliko mbali. Fasiri zote mbili zina ushahidi katika matini, na makala haya hayakusudii kuzifuta. Dai lililopo hapa ni kwamba zote mbili zimeliruka swali moja ambalo, pengine kwa sababu ya ukawaida wake, halikuonekana kustahili nadharia: mtu ambaye tangu utotoni amepangiwa siku zake na shule huishi vipi siku ambazo hakuna aliyempangia?

Shule, hasa ile ya bweni iliyowalea wasomi wa kizazi cha Kezilahabi, haikufundisha masomo peke yake. Iligawa wakati. Mwanafunzi aliamshwa kwa kengele, akala kwa kengele, akalala kwa kengele. Mwaka ulikatwa kwa mihula, na maisha yote yakawa ngazi ambayo kila kidato kilikuwa kipandio cha kufikia kingine. Anayepanda ngazi ya namna hiyo hana haja ya kujiuliza anakwenda wapi, kwa kuwa jibu liko juu yake daima, nalo ni kidato kinachofuata. Tatizo huanza ngazi inapokwisha.

Haina maana kwamba fasihi ya Kiswahili haikulijua tatizo la kumvusha kijana hadi utu uzima. Jando na unyago zilikuwa taasisi za kazi hiyo hiyo, na nyimbo zake ni sehemu kubwa ya fasihi simulizi. Katika maandishi, Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye kuhusu namna ya kuishi: ibada, adabu, mume, nyumba, watu wa kukaa nao na watu wa kuepukana nao. Msomaji wa leo ana mengi ya kubishana nayo katika utendi huo, hususan nafasi anayopewa mke mbele ya mumewe. Hata hivyo, matini yenyewe haina shaka juu ya shughuli yake. Mtu anayeondoka anamkabidhi anayebaki mpango wa siku zake. Shule ya kisasa nayo hukabidhi cheti.

Ni vyema basi kutazama upya jinsi Kichwamaji inavyofunguliwa. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amefika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya kutafuta kazi ya muda wakati wa likizo. Mkuu huyo ni Manase, mtu wa kwao na mwenzake wa zamani. Kazimoto anangojeshwa. Wahakiki wameiona sehemu hii kuwa kejeli juu ya urasimu wa baada ya uhuru, na hilo ni kweli, lakini kungoja huko ni zaidi ya kejeli. Ndiyo mara ya kwanza msomaji anamwona kijana huyu akiwa na saa mkononi ambazo hazina somo ndani yake, na riwaya nzima itaendelea katika hali hiyo ya mtu aliye kwenye benchi nje ya mlango. Jina lake lenyewe ni kinaya. Anaitwa Kazimoto, naye anaingia katika hadithi akiomba kazi ya wiki chache kwa mtu aliyemdhulumu: Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dadaye Kazimoto.

Hapa inafaa kuonya juu ya kosa ambalo msomaji wa Kenya wa leo anaweza kulifanya kwa urahisi. Katika darasa ambamo kila mwanafunzi ana ndugu mwenye shahada anayeshinda nyumbani, Kazimoto husomwa kama kijana aliyekosa ajira. Huko ni kuihamishia riwaya tatizo lisilokuwa lake. Kweli, nchini Kenya suala la waliomaliza shule bila kazi lilikwisha kuwa kubwa kiasi cha Shirika la Kazi Duniani kulichunguza katika ripoti yake ya mwaka 1972. Lakini Tanzania ambamo Kezilahabi alihitimu mwaka 1970 ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, na serikali iliwahitaji na kuwapangia mahali pa kufanya kazi. Mzozo mkubwa wa miaka hiyo kati ya wanafunzi na serikali haukuhusu uhaba wa kazi. Oktoba 1966 wanafunzi wapatao mia nne walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa maneno mengine kwa kukataa sehemu ya mpango waliowekewa. Mwaka uliofuata Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao kiini chake ni swali hili hili: elimu inamwandaa mtu kwa maisha gani?

Kwa hiyo Kazimoto hakosi kiti. Kiti kipo, na amekiona, kwa sababu Manase amekikalia. Hilo ndilo jambo zito katika ile ofisi. Kijana anayengoja nje anatazama maisha yake mwenyewe ya baada ya miaka michache: meza, karani wa kuwazuia watu mlangoni, cheo. Manase ni msomi aliyekwisha kupata utaratibu wa utu uzima, naye ameuoza. Baadaye msomaji anapomkuta mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa, na mwishowe mtoto wa Kazimoto mwenyewe na Sabina, dada wa Manase, akizaliwa na kichwa hicho hicho, jazanda ya anwani inajieleza: kichwa kilichojaa kisichoweza kubebwa na mwili. Wengi wamesema hivyo. Kisichosemwa sana ni kwamba mtoto ndiye aliyekuwa mpango wa mwisho wa Kazimoto. Kisasi dhidi ya Manase kilikuwa mpango, kikayeyuka katika mapenzi; ndoa ikawa mpango; mtoto akawa mpango. Kila kimoja kilisimama mahali pa kidato kinachofuata. Kilipovunjika cha mwisho, Kazimoto alijiua.

Ukiisoma riwaya kwa mtazamo huu, udhaifu fulani wa muundo unaolaumiwa hupata maelezo. Inasemwa kwamba matukio yake yanarundikana, kwamba vifo vinafuatana bila matayarisho, kwamba mazungumzo ya kifalsafa yanasimamisha hadithi. Lakini huo ndio muundo wa wakati wa likizo. Likizo haina sura za kufuatana. Ina siku za uvivu, kisha msiba, kisha pombe, kisha mabishano marefu juu ya Mungu, kisha msiba tena. Kezilahabi aliandika riwaya ya mtu asiye na ratiba, na nafsi ya kwanza aliyoitumia inamnyima msomaji msimulizi mwingine ambaye angeziweka siku hizo sawa. Hata hivyo si kila kitu kinatetewa na hoja hii. Mapenzi ya Sabina yameharakishwa mno, na huyo binti anabaki kuwa hatua katika safari ya mwanamume.

Matini ya kulinganisha na hii inatoka kwa mtu wa kizazi kilichotangulia. Shaaban Robert alimaliza masomo Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1920, na tangu mwaka 1926 akawa karani wa serikali, kwanza katika idara ya forodha hadi mwaka 1944, kisha katika ofisi nyingine kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia. Maisha Yangu, tawasifu iliyotoka mwaka 1949 na kuunganishwa mwaka 1966 na Baada ya Miaka Hamsini, ina sifa moja ambayo ni ajabu kwa tawasifu: utoto na darasa karibu havina nafasi humo. Maisha anayoyaita yake yanaanza alipokuwa mtu mzima mwenye kazi. Ni kana kwamba yaliyotangulia yalikuwa ya watu wengine, wazazi na walimu, nayo hayakustahili kuitwa kwa kiwakilishi hicho.

Ilivyozoeleka ni kumsoma Shaaban Robert kama mwalimu wa maadili ambaye mambo kwake yamenyooka kupita kiasi. Maisha Yangu haithibitishi hivyo. Karani wa Kiafrika katika serikali ya kikoloni hakuwa bwana wa mpango wake. Alihamishwa kwa amri, akalipwa kwa ngazi ya mshahara iliyopangwa kwa rangi ya mtu, na dari ya cheo chake ilijulikana siku aliyoanza kazi. Kwa kipimo cha ngazi, mtu huyu alikwisha kufika juu akiwa kijana, maana hapakuwa na kipandio kingine. Kisha Amina, mkewe, akafa akamwachia watoto. Kama ni sababu za kukata tamaa, anazo kuliko Kazimoto.

Kinachotokea badala yake ni kwamba anafanya kazi ya pili pembeni mwa ile ya kwanza. Anaandika. Anaandika mashairi, insha, hadithi, katika saa ambazo ofisi haikuzitaka. Msiba wa Amina unageuka kuwa utungo. Malezi nayo yanageuka kuwa tungo: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Zikisomwa pamoja na tawasifu hii, tenzi hizo mbili zinaonyesha jambo ambalo uhakiki wa maadili hauwezi kulitoa. Karani aliyepewa cheti na shule alirudi kwenye utaratibu wa kale wa wasia, ule ule wa Mwana Kupona, kwa sababu ndio pekee aliokuwa nao wa kumkabidhi mtoto maisha yasiyo na ratiba. Mtu anaweza kuyakataa mawaidha ya Hati, na mwanafunzi wa kike wa leo ana haki ya kuyakataa mengi. Bado kitendo cha kuyatunga kina maana isiyotegemea kukubaliwa kwake.

Pingamizi la wazi ni kwamba ulinganishi huu si wa haki. Tawasifu huandikwa na aliyebaki hai, naye huzipanga siku zake baada ya kuzipitia. Riwaya ya tanzia haina nafasi hiyo. Aidha Shaaban Robert alijijenga kwa makusudi kama kielelezo. Ni kweli, na ndiyo maana Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968 baada ya kifo chake, haiwezi kutumiwa hapa kama jawabu. Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima Busutamu, na maisha yake huko ni mazuri kama jina la kijiji lenyewe linavyodokeza. Lakini anatoka katika utaratibu mmoja kwenda katika mwingine, akiwa amekwisha kujijua. Njozi ile haimgusi anayetoka shuleni mikono mitupu. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, nayo inampa Kongowea Mswahili safari ya kumtafuta baba kutoka Tanga hadi Kitale. Ni umbo la ngano, na umbo la ngano humwokoa kijana kwa kumpa mahali pa kwenda. Kazimoto hakupewa.

Pingamizi hilo likikubaliwa, tofauti moja haifutiki. Shaaban Robert hakuitazamia ajira impe maana. Aliitazamia impe posho, akatafuta maana katika saa zilizobaki. Kazimoto hana utengano huo. Amelelewa kuamini kwamba mlango anaongoja mbele yake ndio maana yenyewe, na alipochungulia akamwona Manase.

Kwa sababu hii kuna ubaya fulani katika wepesi ambao neno udhanaishi hutumiwa katika vyumba vya mihadhara. Neno hilo huhamisha aibu. Utupu wa Kazimoto ukishaitwa falsafa ya Ulaya, chuo kikuu kilichomlea hakina tena la kujibu, na mwanafunzi anayeandika tasnifu juu yake anaweza kumaliza sura nne bila kugundua kwamba anajiandika mwenyewe. Idara za fasihi zinajua kuhesabu waliofaulu. Hazina desturi ya kuuliza wahitimu wao wanasoma nini miaka mitano baadaye, au kama wanasoma.

Liko pia suala ambalo matini zote mbili zinaliacha. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, Kezilahabi alikwisha kumwonyesha msichana aliyetoka kwenye fimbo ya Zakaria, babake, akaingia katika kengele za shule na chuo cha ualimu, na kila geti lililomfungukia likamkuta hana mpango wake mwenyewe isipokuwa ule wa kuolewa. Uchumba na Charles ulipovunjika alifanya alichokuja kukifanya Kazimoto miaka mitatu baadaye. Lakini Rosa angalau alipewa riwaya. Rukia wa Kichwamaji anakufa akiwa sababu ya kisasi cha kakake, na hakuna ukurasa unaouliza yeye alikuwa amekusudia kufanya nini na siku zake.