Utwaaji wa Ardhi na Jasho Lisiloonekana

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, kama ilivyoandikwa, ililipa fidia ya maendelezo lakini ikakataa kulipia ardhi tupu. Msingi wake makada wanaujua tangu maandiko ya Mwalimu ya 1958: ardhi ni ya wote, cha mtu ni jasho lake. Msingi huo ni sahihi. Udhaifu umo katika kulipima jasho lenyewe.

Chukueni barabara ya Lamadi–Bariadi–Maswa–Mwigumbi, inayopita nchi ya pamba na mifugo. Wasukuma hutenga ngitili: mvua zote ng'ombe hawaingii, ili kiangazi wapate majani. Mthamini anayetafuta majengo ataandika “tupu”. Je, kulinda malisho si kazi?

Sheria za Ardhi za 1999 zilisahihisha jambo hili: fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kisha Sheria ya Barabara ya 2007 ikaleta hifadhi ya meta 60 badala ya 45. Kwa hiyo meta saba na nusu kila upande hutenganisha anayeitwa mvamizi na anayestahili fidia. Kada anayekwenda kuhimiza wananchi “wapishe maendeleo” achukue futi kamba, tena aulize kwanza: kipi kilitangulia hapa, kijiji au barabara?