Nani Alimuua Nina?

Kila nikiitazama Black Swan na watu, tunaishia kubishana jambo moja: nani alimuua Nina? Ni swali la ajabu kidogo, maana hata hatuonyeshwi akikata roho. Skrini inageuka nyeupe tu, basi.

Kwa ambaye hajaiona: ni sinema ya Darren Aronofsky ya 2010, iliyompa Natalie Portman tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Nina anacheza baleti New York. Amepewa nafasi ya kuongoza Swan Lake, na lazima awe bata maji wawili, mweupe na mweusi. Mweupe anamuweza. Mweusi ndiye anayemtoa akili.

Hapa Kitale hakuna anayetazama akiwa kimya. Wengi wetu tumekulia sinema za DJ Afro, tunajua kuongea juu ya picha ni sehemu ya picha. Nina akichuna ngozi ya kidole, mmoja anapiga yowe, mwingine anacheka. Manyoya yakianza kuchomoza mwilini, hukumu inatoka hapohapo: huyu amerogwa. Na aliyemroga? Si mamake, bana! Mama gani anataka kutupa keki kwenye pipa kwa sababu binti ameomba kipande kidogo? Mama gani anamkata kucha msichana mzima?

Wajuaji huwa wanakunja uso. Wanasema ni ugonjwa wa akili, mambo ya uchawi tuache kijijini. Mimi naona wale wa "amerogwa" wameiona sinema vizuri zaidi. Ukisema Nina ni mgonjwa ukanyamaza, umemwachia ugonjwa wake peke yake. Ukisema amerogwa, lazima umtafute mhusika.

Shida ni kwamba tunamtafuta kwa uvivu. Tukishampata mama, kesi imefungwa. Thomas, mkurugenzi wa kundi, anapita katikati yetu kama kocha mkali tu. Huyu ndiye anayembusu Nina kwa nguvu ofisini mpaka anang'atwa. Ndiye anayempapasa mazoezini na kuita hayo mafunzo. Beth, nyota aliyemtangulia Nina, alisukumwa kando akaishia kitanda cha hospitali. Yote tunayaona, na bado chumba kizima kinamlaani mama.

Halafu kuna sisi. Huku kwetu, Saboti mpaka Bungoma, tunajua kusifu mwili usioonyesha maumivu. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu anasimama mbele ya kijiji akiwa amepakwa matope, kisu kinapita, na hatakiwi kupepesa jicho. Sisemi ni kitu kimoja na baleti. Yule kijana amezungukwa na watu wake, na baada ya kisu kuna wa kumuuguza. Nina akijichoma kipande cha kioo tumboni, anarudi jukwaani kumaliza onyesho. Kinachomngoja huko ni makofi peke yake.

Sinema ina makosa yake. Vioo vimezidi, na Aronofsky anatugutusha kwa sauti pale ambapo uso wa Portman ungetosha. Lakini dakika za mwisho hazina mchezo. Nina anaanguka kwenye godoro nyuma ya jukwaa, damu inatanda kwenye vazi jeupe, ukumbi unalipuka kwa shangwe. Mamake yuko kwenye viti, analia. Thomas anafurahi hadi anapoiona ile damu.

Mara ya mwisho nilipoitazama na marafiki, sisi pia tulipiga makofi hapo. Msichana mmoja akauliza, "Sasa mnashangilia nini?" Tukaanza upya kumlaumu mama, kwa sauti ya juu zaidi. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yetu yote, na nadhani ndilo Aronofsky alilotaka tubaki nalo. Itazame na watu wenye kelele. Ukiitazama peke yako ni rahisi kuamini kwamba haikuhusu.