Mzizi Uliosalia

Msomaji, ukitaka kuijua maana ya matambiko ambayo Wahindu huwafanyia wazee wao waliokufa, usianze na chakula kitolewacho. Anza na hadithi. Katika utenzi mkubwa wa Kisanskriti uitwao Mahabharata mna kisa cha Jaratkaru, mtawa aliyeazimia kutooa. Siku moja aliwakuta watu wamening'inia shimoni, vichwa chini, wakizuiwa na shina la unyasi. Panya alikuwa ameitafuna mizizi yake, ukasalia mmoja tu. Watu hao walikuwa wazee wake mwenyewe. Panya ni Wakati. Mzizi uliosalia ni Jaratkaru, kwa kuwa katika ukoo hakuwako mwingine.

Angalia jinsi kisa kilivyopangwa. Mtawa, asijue bado ni akina nani, aliwahurumia akataka kuwapa robo ya thawabu za ibada yake, au nusu, au hata zote. Wakakataa. Thawabu walikuwa nazo. Walichokosa ni mtoto wa kuuendeleza ukoo. Hapa ndipo penye kiini. Wema wa mtu peke yake, hata uwe mwingi namna gani, haulipi deni la waliomzaa.

Deni hilo ndilo linalokumbukwa katika ibada iitwayo shraddha, jina lenye asili moja na neno la imani. Mwana hutoa matonge ya wali na ufuta, pamoja na maji, kwa ajili ya baba, babu, na baba wa babu. Kila mwaka, aghalabu katika Septemba, nusu ya mwezi wakati mwezi unapopungua hutengwa kwa kazi hiyo. Na wengi husafiri mpaka mji wa Gaya, katika Bihar, kuitimiza huko.

Je, wafu hula? Wanafalsafa wa kale wa India walioitwa Charvaka walidhihaki: ikiwa chakula humfikia aliye mbali, ya nini msafiri kuchukua masurufu? Hoja hiyo ni kali, wala haifai kuipuuza. Lakini wazee wa shimoni hawakulia njaa, walilia kukatika. Tonge la wali ni ungamo la aliye hai kwamba hakujizaa mwenyewe.

Hata hivyo, usimsifu Jaratkaru kupita kiasi. Alikubali kuoa kwa masharti: mke awe na jina kama lake, apewe bure, wala asimlishe. Vasuki, mfalme wa nyoka, akamwoza dada yake. Jioni moja mke alimwamsha ili ibada ya machweo isimpite. Mume akakasirika, akamwacha na mimba yake. Alilipa deni la wafu kwa kumdhulumu aliye hai.

Kisa hakiishii hapo. Mfalme Janamejaya, ambaye baba yake Parikshit aliuawa na nyoka Takshaka, aliwasha moto wa kafara ili awateketeze nyoka wote. Astika, mwana wa Jaratkaru, akaenda kwa mfalme, akaomba kafara ikome, akakubaliwa. Akawaokoa jamaa za mama yake.

Basi mbele yetu wamesimama wana wawili, kila mmoja na deni la baba. Janamejaya alitaka kulilipa kwa kuua. Astika, aliyezaliwa kwa ajili ya wafu, aliwaponya walio hai, nao walikuwa wa upande wa mama, upande ambao shimoni haukutajwa hata kidogo. Kwa maoni yangu, hapo hadithi yawashinda hata wazee walioianzisha, waliodhani kwamba mtoto ni wa ukoo wao tu.

Nawe, msomaji, uonapo mtu ametoa tonge la wali kwa ajili ya marehemu, usiulize tu kama litaliwa. Uliza pia kama mkono unaolitoa huwatendea mema walio hai. Kwa swali hilo ndivyo tambiko lolote lipimwavyo.