Kuiuliza Theluji

Katika milima ya Alps wapo watu wanaopanda kwa skii kule kusiko na lifti wala njia iliyosawazishwa, na kabla ya kuteleza kushuka huchimba shimo. Nawastahi sana watu hawa, na shimo lao ndilo linalonifanya niwastahi.

Kila dhoruba huacha tabaka lake la theluji, na kati ya dhoruba moja na nyingine baridi haikai bure. Usiku mtulivu usio na mawingu, unyevu wa hewani huganda juu ya theluji ukawa vinyoya vya barafu. Theluji ikiwa haba na baridi ikishika siku nyingi, punje za chini huacha kushikana, zikamwagika mkononi kama sukari. Kisha upepo huja ukarundika bamba zito juu ya udhaifu huo, na mteremko wote ukabaki mweupe, unavutia.

Basi ndani ya shimo lake mjuzi hukata kwa koleo nguzo ya theluji yenye sentimita 30 kila upande, akalaza bapa la koleo juu yake, akaanza kugonga: mara 10 kwa ncha za vidole, kifundo cha mkono tu kikicheza, mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, mara 10 kwa nguvu ya bega. Kipande cha juu kikichomoka kizima kwa mapigo machache ya mwanzo, hapo hapashukwi. Kisipochomoka, bado hajapewa ruhusa, kwa sababu hatua chache kando tabaka linaweza kuwa jingine kabisa. Hupima mwinuko pia, maana hatari huanzia kwenye nyuzi 30 hivi, na jioni ya jana yake, saa 11, alikwisha kusoma taarifa ya taasisi ya theluji ya Davos, yenye madaraja 5 ya hatari. Daraja la 3 huua wengi kuliko la 5. La 5 huwabakiza watu nyumbani. La 3 watu hujadiliana nalo. Na maporomoko mengi ya theluji yanayoua huanzishwa na waliofukiwa wenyewe au wenzao.

Ugumu wa ufundi huu ni kwamba mlima haumsahihishi mwanafunzi. Mteremko uliotulia haumwambii kama alipima vizuri au alibahatika. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile miaka na miaka akisifiwa kwa uzoefu. Ndiyo maana namsifu anayeuliza upya kila asubuhi, hata pale alipopita jana, na akisikia theluji ikiguna chini ya skii zake, mguno mzito wa tabaka linalovunjika, huwageuza wenzake bila kubishana. Huwapitisha kwenye mgongo wa mlima usio na mwinuko mkali. Huenda mteremko ule ungewabeba wote salama. Hatalijua hilo kamwe, na kesho atachimba tena.