Bati Kidogo Juu ya Shaba

Kila Ramadhani ilipokaribia, sufuria ya shaba ya bibi ilipelekwa mtaani Ngamiani kwa mzee mmoja wa kutia kalai. Kufikia wakati huo wekundu wa shaba ulikuwa umeanza kuchungulia kwa ndani, na bibi hakuruhusu ukwaju wala ndimu kugusa pale. Alijua kwamba shaba tupu ikikutana na uchachu hutoa sumu.

Mzee aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikawaka. Akaiweka jikoni, akanyunyiza unga mweupe uliofuka moshi wa kuwasha pua, kisha akagusisha kipande cha bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Shaba haitikisiki mpaka 1,085. Kati ya namba hizo mbili alifanya kazi kwa jicho tu. Kwa tonge la pamba alilizungusha bati mara moja, upesi, na pale pekundu pakawa peupe kama mwezi. Likizidi hufanya mabonge, alisema, likipungua shaba huchungulia.

Jiko lake lilikaa uani, kwa kuogopa hewa ya mkaa. Hewa hiyo, kaboni monoksaidi, huing'ang'ania damu ya mtu. Huing'ang'ania vilevile platini iliyomo kwenye seli za kuzalisha umeme kwa haidrojeni, mpaka platini ikashindwa kufanya kazi. Mwaka 1975 Masahiro Watanabe na Satoshi Motoo wa Japani walionyesha dawa yake: atomu chache za metali ya rutheni zilizowekwa juu ya platini. Bati nalo hufaa. Atomu hizo ngeni huchota oksijeni kwenye maji na kuipa ile hewa iliyoganda jirani, nayo ikaungua na kuondoka kwa volti ndogo kuliko platini ikiwa peke yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hazitandazwi hata tabaka moja kamili, kwani zikizidi huifunika platini yenyewe. Niliposoma hayo nilimsikia mzee wangu akinionya juu ya mabonge.

Kalai yake ilikuwa nene mno ikilinganishwa na atomu hizo, lakini kipimo kilikuwa kilekile, na alikibeba mkononi. Alipofariki hakuacha mwanafunzi. Sisi tulikuwa tumeshahamia sufuria nyepesi za alumini, tunazozitupa zikibonyea, wala hatukumuuliza lolote.

Sufuria ya bibi iliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama yenu ingalipo chini ya kitanda, msiipeleke kwenye mizani. Mtafuteni fundi angali hai, na mpelekeni kijana akakae naye.