Sauti Isiyo na Mwenyewe

Juzi, hapa Kitengela, niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu fupi ya intaneti juu ya ufugaji katika Kajiado. Msimulizi alikuwa kompyuta. Sauti yake ilikuwa safi, haikukohoa wala haikukwama. Lakini iliposhauri kwamba mifugo iogeshwe barabara, darasa zima lilicheka. Msomaji ajua kuwa neno hilo lina maana mbili: mkazo ukiwa juu ya “ba” ya pili, ni njia, ukiwa juu ya “ra” ya kwanza, ni sawasawa. Mashine ilichagua njia. Ng’ombe nao wakawa “ngombe”, na hilo Kajiado halisameheki!

Siichukii sauti hiyo. Humsomea kipofu kitabu, na hilo ni jema. Makosa yake pia yatasahihishwa. Shaka yangu ni nyingine: sauti ya mtu ina mwenyewe. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa anga walioasi walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, Nairobi, wakamlazimisha kutangaza katika Sauti ya Kenya kuwa serikali imepinduliwa. Bunduki walikuwa nazo, na kituo wamekwisha kukiteka. Walichopungukiwa ni sauti ambayo wananchi waliijua na kuiamini. Mbotela alifariki mwaka 2025, na hata leo wako watu wazima waitambuao sauti yake kwa neno moja.

Filamu ilipokwisha niliwauliza wanafunzi ni nani aliyetusimulia. Walitazamana. Mmoja akajibu, “Ni simu yako, Mwalimu.”