Zoezi la Dakika Tatu

Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Yalikuwa mafunzo mazuri. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye kwa kutumia mwanasesere, waliofaulu kumpumulisha walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 87. Kwingine kazi ingeishia hapo: vyeti, picha ya pamoja, taarifa inatumwa wizarani.

Haydom walikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi hazina. Tangu mwishoni mwa 2009, kila uzazi pale, mchana au usiku wa manane, ulikuwa na mtu wa kuuandika. Msaidizi wa utafiti alisimama pembeni ya chumba cha kujifungulia, saa mkononi, akinukuu: mtoto katoka lini, kalia lini, kakaushwa, kasuguliwa mgongo, barakoa imefika usoni baada ya sekunde ngapi. Kumbukumbu hizo zikatoa habari ambayo mtihani wa mwanasesere haukuitoa. Kwa watoto wenyewe, walipolala mezani kimya, huduma ilikuwa haijaboreka. Watu walikuwa wamejua, lakini mikono ilikuwa bado.

Nawaheshimu sana waliopokea habari hiyo na kuitangaza. Daktari wa Norway Hege Ersdal na wenzake, wa Haydom na wa kwao, waliichapisha mwaka 2013, na kichwa cha makala yao kinasema bila kupindapinda kwamba mafunzo ya siku moja yaliboresha majaribio na hayakuboresha tiba. Anayeongoza kazi ya kuboresha huduma hospitalini hukutana na kishawishi hiki kila robo mwaka: kuna namba inayopendeza na kuna namba ya kweli, na mfadhili anasubiri taarifa. Ufundi wa kazi hii unaanzia kwenye uamuzi wa namba ipi ibandikwe ukutani.

Walichofanya Haydom, hata kabla ya makala hiyo kutoka, hakikuhitaji semina nyingine ya hotelini wala posho. Mwanasesere aliletwa wodini, akakaa palepale watoto wanapozaliwa. Kuanzia Februari 2011 wakunga walifanya zoezi fupi, dakika tatu hadi tano kila wiki, na zoezi refu la dakika 40 kila mwezi. Walioongoza mazoezi hayo walikuwa wafanyakazi wa hospitali yenyewe. Estomih Mduma wa Haydom na wenzake walipolinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Kilichonivutia zaidi katika matokeo yao ni hiki: watoto waliochangamshwa kwa kusuguliwa mgongo waliongezeka, na waliohitaji kupumulishwa kwa ambubegi, ule mfuko wa kubonyeza unaosukuma hewa kupitia barakoa, wakapungua. Mkono uliowahi mapema ulipunguza kazi ya barakoa.

Ukitaka kuelewa kwa nini dakika tatu zinatosha, tazama zoezi lenyewe kwa karibu. Mwanasesere huyu, NeoNatalie, hujazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto. Ukimnyanyua, shingo inaanguka. Ana vipira vidogo vilivyounganishwa kwa mirija, na anayeongoza zoezi huvibinya: kimoja humfanya apumue, kingine humliza, kingine hupigisha mapigo kwenye kitovu. Silaha kuu ya mwezeshaji ni kutokubinya. Mkunga anamkausha mtoto, anamsugua mgongo, anasubiri kilio, na kilio hakiji. Hapo dakika ya dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, imeshaanza kuliwa. Kichwa kikae sawa, kisilale nyuma mno wala kidevu kisigande kifuani. Kidole gumba na cha shahada vinakandamiza barakoa, vitatu vilivyobaki vinanyanyua taya. Anabonyeza. Kifua hakipandi, hewa inavujia shavuni. Anarekebisha vidole, anabonyeza tena, na kifua kinapanda. Vidole haviwezi kufundishwa hivyo kwa slaidi, na vikifundishwa mara moja vinasahau.

Kiongozi mzuri anajitambulisha kwa swali analouliza zoezi likikwama. Wapo wanaoanza na "Nani alikuwa zamu?" Ukiuliza hivyo wiki moja tu, wiki inayofuata rejista itakuwa safi na wodi itakuwa na siri. Mwingine anasema, "Sista, ulipogeuka kuchukua ambubegi, uliikuta wapi?" Jibu linamfikisha kwenye kabati lililofungwa, ufunguo ulioko kwa mtu aliyeenda chai, barakoa ya saizi kubwa iliyochanganywa na ndogo, meza ya mtoto iliyogeuzwa kuwa ya mafaili. Kila kimoja kati ya hivyo kinarekebishika kabla ya jioni, na hakuna mtu aliyedhalilishwa.

Mbeya walianza upande huo wa makabati. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya iliingia mwaka 2007 kwenye utaratibu wa Kijapani wa 5S, uliokuwa tayari umejaribiwa kwenye hospitali ya wanawake ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka, na baadaye ukaenea katika hospitali nyingi za Tanzania: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wapo wanaouona kuwa ni usafi tu. Mimi nadhani hawajawahi kutafuta kifaa huku mgonjwa akibadilika rangi. Lakini S ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu nne za kwanza zinamalizika na hiyo haimaliziki.

Ndiyo maana nilifurahi kuona kilichozaliwa Haydom kikipelekwa mbali na Haydom. Kati ya 2021 na 2023, mradi ulioongozwa na Benjamin Kamala pamoja na Ersdal ulifika katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifaa vilikuwemo, kikiwemo kipimo cha mapigo ya moyo kinachovishwa tumboni mwa mtoto mara anapozaliwa. Uti wa mgongo wa mradi ulikuwa wakunga wenyewe. Kila kituo kilikuwa na vinara wake wa kusimamia mazoezi mafupi ya mara kwa mara, na takwimu za kituo zilirudi kujadiliwa na walewale waliozizalisha. Vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Havikushuka sawasawa katika mikoa yote, na watafiti waliliandika hilo pia. Anayeijua wodi hatashangaa. Mganga mfawidhi anahamishwa, kinara anakwenda masomoni, wauguzi wapya watatu wanapangiwa wodi ya wazazi Jumatatu na hakuna kati yao aliyewahi kushika ile barakoa. Kituo kinachofanya zoezi kila wiki kitawapokea wiki hiyohiyo. Kinachosubiri semina kitawaacha wajifunzie kwa mtoto wa mtu.